Taa ya sebuleni inacheza-cheza, nimebadilisha balbu tatu bado, tatizo nini wakuu?

MtazamaDari
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada maana nimekuwa mtu wa kukaa natazama dari kama nasubiri bati livuje. Taa ya sebuleni kwangu inacheza, yaani inawaka vizuri dakika kumi, ishirini, halafu inaanza kupepesa tik tik tik, inatulia, baada ya muda tena. Ni LED wati 9. Ya kwanza nikasema imechoka nikatoa, ya pili nikasema imekuja mbovu nikatoa, hii ya tatu nimechukua ile nzuri ya bei juu nayo inacheza vilevile. Na tangu juzi ya korido nayo imeanza. Shida iko wapi hapa?

Kizibo77
Balbu feki hizo mkuu, chukua nyingine.

MtazamaDari
Soma vizuri basi, hii ni ya tatu 😂

Mzee_wa_Nyaya
Ngoja kwanza, usinunue kitu. Mimi nimevuta nyaya miaka mingi na taa kucheza ni kama mtu kusema anaumwa tumbo, huwezi kumpa dawa kabla hujamuuliza. Nijibu haya manne, na usijibu kwa kukisia, kaa usiku mmoja uangalie kweli:

Ni taa moja, chumba kimoja, au nyumba nzima? Zinacheza zenyewe tu au kuna kitu kikiwashwa, friji, pampu, hita? Zinafifia, au kuna nyingine zinaongezeka mwanga? Na jirani kwake vipi?

Hilo swali la tatu watu hulipita haraka, usilipite.

DadaTransfoma
Naunga mkono. Wakati unasubiri usiku fanya jaribio la bure, ichukue hiyo balbu ya sebuleni ukaifunge chumba kingine ambako taa haichezi, ya kule ilete sebuleni. Kucheza kukiihama sebule kufuata balbu, basi balbu. Kukibaki sebuleni basi ni holda, swichi au waya. Zima umeme kwenye mein swichi kabla ya kugusa holda, swichi ya ukutani haitoshi kwa sababu kuna nyumba swichi imefungwa kwenye nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, badala ya waya wenye moto, umezima lakini holda bado ina moto.

pole_pole_tu
Nidandie uzi, mimi yangu ni kinyume. Taa NIMEZIMA lakini usiku naona inakonyeza, kila baada ya sekunde kadhaa, pwa... pwa... Mke wangu anasema kuna mtu ndani ya nyumba.

Kizibo77
Hamia kwingine mkuu usitafute sababu 😂😂

DadaTransfoma
@pole_pole_tu hebu niambie, swichi yako ina kile kitaa kidogo chekundu au cha kijani cha kukuonyesha ilipo gizani?

pole_pole_tu
Ndio inacho!!

DadaTransfoma
Basi mtu wenu ndo huyo. Kile kitaa kinapata umeme wake kwa kupitisha mkondo mdogo sana kwenye balbu yenyewe wakati swichi imezimwa. Balbu ya zamani ya nyuzi haikujali maana mkondo ule haupashi hata uzi moto. LED ndani yake ina kapasita, na kapasita inakusanya ule umeme kidogo kidogo kama ndoo chini ya bomba linalodondoka, ikifika kiwango cha kuamsha sakiti inamwaga yote mara moja, pwa, inaanza upya kukusanya. Toa kile kitaa kwenye swichi, au fundi akuwekee kapasita ndogo ya kazi hiyo sambamba na balbu, mambo yanaisha.

Na hata bila kitaa inaweza kutokea, hasa taa ya ngazi yenye swichi mbili, juu na chini. Waya unaorudi kwenye taa unakuwa umelala ubavuni mwa waya wenye moto mita nyingi, na nyaya mbili zikilala pamoja hivyo zenyewe tayari ni kapasita, umeme unavuka kidogo bila kugusana.

pole_pole_tu
Asante sana dada, ngoja nikamwambie mke wangu mgeni amepatikana.

Kamera_Haidanganyi
Wadau na mimi, taa zangu kwa macho zimetulia kabisa lakini nikirekodi video kwa simu naona mistari myeusi inapanda. Ni mbovu?

Mzee_wa_Nyaya
Hiyo si mbovu, ndo ilivyotengenezwa, ila inaweza kuwa imetengenezwa kwa ubahili. Umeme wa nyumbani unageuka mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde, nchi nyingine 60. Kila mzunguko una vilele viwili, kwa hiyo taa inapewa nguvu na kunyang'anywa mara 100 kwa sekunde, au 120. Yaani taa ZOTE za umeme huu zinasukumwa hivyo, toka enzi za babu. Balbu ya nyuzi ilificha kwa sababu uzi ukishawaka haupoi ndani ya sehemu ya mia ya sekunde, mwanga unashuka kidogo tu halafu unasukumwa tena. LED haina joto la kuificha, ukikata umeme inazima papo hapo. Ndo maana ndani inatakiwa iwe na draiva, ile sakiti ndogo inayoilisha LED, yenye kapasita ya maana ya kujaza yale mabonde. Mtengenezaji akibana matumizi anaweka kapasita ndogo au haweki kabisa, na taa inazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde kweli kweli. Jicho haliwezi kulifuata hilo, kamera inasoma picha mstari kwa mstari kwa hiyo inaliona.

Jaribio lingine, shika kalamu uipepee haraka chini ya taa. Ukiona kama kalamu kumi zimejipanga badala ya ukungu mmoja, hiyo taa inakatakata. Kwenye karakana yenye mashine ya kuzunguka taa ya hivyo ni hatari kabisa, msumeno unaweza kuonekana umesimama kumbe unazunguka.

Kamera_Haidanganyi
Kwa hiyo kama sioni haina madhara?

Mwalimu_wa_Nuru
Hapana, usiende mbali hivyo. Uingereza mwaka 1989 watafiti waliwapima wafanyakazi wa ofisini chini ya tyubu laiti, wakalinganisha zile za choki (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) ya kawaida zinazocheza mara 100 kwa sekunde na zile za choki za kielektroniki za kasi kubwa, wafanyakazi wenyewe hawaoni tofauti. Maumivu ya kichwa na macho kuchoka yalishuka zaidi ya nusu. Kwa hiyo jicho haliripoti lakini kichwa kinalipa. Umoja wa Ulaya sasa hivi una vipimo vya kucheza kwa mwanga ambavyo LED lazima ivipite ndo iuzwe, vilianza kutumika Septemba 2021. Mimi binafsi mezani pa kusomea siweki balbu yenye mistari, sebuleni naweza kuvumilia.

Ule mchezo wa polepole unaoonekana, mara 3 mpaka 30 kwa sekunde hivi, huo ni mwingine. Mwenye kifafa kile kinachoamshwa na mwanga asikae chini yake hata kidogo.

Kizibo77
Jamani yule jamaa wa sebuleni ameenda wapi, tumemla uzi wake wote

Kitufe_cha_Kuzungusha
Kabla hajarudi, mimi nimefunga LED kwenye dimma ya zamani, ile swichi ya kuzungusha ya kupunguza mwanga, ikiwa juu kabisa iko sawa nikiishusha inaanza kutetemeka. Balbu imeandikwa inakubali dimma kabisa.

DadaTransfoma
Dimma ya zamani ilitengenezewa balbu za nyuzi za wati 40, 60, 100. Kile kifaa cha ndani kinachokata wimbi kinahitaji mkondo fulani upite ndo kibaki kimefunguka, ukiweka LED ya wati 6 mkondo hautoshi kukishikilia, kinajifunga katikati ya wimbi, kinajifungua, kinajifunga. Badilisha dimma chukua ya LED, ile inayokata mwisho wa wimbi na siyo mwanzo. Angalia pia kiwango chake cha chini cha mzigo, kimeandikwa kwenye boksi au nyuma ya dimma yenyewe. Au kama dimma moja inalisha balbu nne, zibadilishe zote wala usichanganye.

MtazamaDari
Nimerudi wakuu, samahanini nilikuwa nafanya kazi mliyonipa. Nimekaa jana usiku na daftari kabisa.

Balbu nimezibadilishana, kucheza kumebaki sebuleni, kwa hiyo balbu ni nzima nilizitupa bure 😭. Sebuleni na korido zinacheza pamoja, kwa wakati mmoja. Zinazidi hita ya maji ikiwaka. Jirani nimemuuliza kwake safi. Halafu kuna kitu nilikuwa sijakiweka maanani, chumbani nina taa ya mezani yenye balbu ya zamani ya nyuzi, hita ikiwaka ile inaongeza mwanga, inakuwa nyeupe kabisa, nikafurahi nikasema angalau huku umeme ni mzuri.

Kizibo77
Weka stebilaiza mkuu hapo umemaliza

Mzee_wa_Nyaya
HAPANA. Kizibo tulia. MtazamaDari nijibu haraka, umeme wako ni wa fezi moja au fezi tatu, yaani unaingia na waya mmoja wenye moto au nyaya tatu?

MtazamaDari
Fezi tatu, mita ina nyaya nne zinaingia.

Mzee_wa_Nyaya
Sikiliza. Zima mein swichi. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Ukishazima ndo urudi uniulize kwanini, simu yako ina chaji.

MtazamaDari
Nimezima. Nipo gizani. Kwanini?

Mzee_wa_Nyaya
Sasa tuongee. Taa kufifia kitu kikubwa kikiwaka, hilo mara nyingi ni la kawaida. Mota ya friji au pampu inapoanza inavuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi, waya nao una ukinzani wake, volti zinashuka, taa inainama kidogo inasimama. Ukiwa na balbu ya nyuzi utaona sana maana volti zikishuka asilimia 10 mwanga unashuka kama asilimia 30. Hilo halinikoseshi usingizi.

Lakini kitu kikubwa kikiwaka halafu taa nyingine IKAONGEZEKA mwanga, hiyo nyutro yako imelegea au inakaribia kukatika. Hebu fikiria, kila fezi kwako inatoka na moto wake inaingia kwenye mzigo inarudi kwa nyutro. Nyutro ndo njia ya wote ya kurudi na ndo inayoshikilia kila fezi ibaki kwenye volti 230. Ikikatika, umeme hausimami, unatafuta njia nyingine, unaingia kwa hita kwenye fezi hii unatoka kwa taa na televisheni kwenye fezi ile. Sasa kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Hizo 400 wanagawana hita na televisheni, na hawagawani sawa, mwenye ukinzani mkubwa anachukua zaidi, yaani kile kifaa kidogo ndo kinachobebeshwa.

Piga hesabu. Hita ya wati 2000 ina ukinzani kama omu 26. Vitu vidogo vya jumla wati 100 vina kama omu 529. Wakikaa foleni moja kwenye volti 400, hita inapata kama volti 19, hata maji hayapati vuguvugu, na vile vidogo vinapata kama volti 381. Televisheni, chaja, modemu, vyote vinakwenda kwa sekunde. Kwako haijakatika, imelegea, kwa hiyo umeona kipande tu cha hayo. Ile taa ya mezani ndo shahidi wako wa kweli, LED zenye draiva nzuri zinakubali volti 100 mpaka 240 bila kubadilika sura kwa hiyo haziwezi kukuambia kitu.

MtazamaDari
Mungu wangu. Na mimi nilifurahia ule mwanga.

Kizibo77
Sawa mzee lakini stebilaiza si ingezuia?

DadaTransfoma
Stebilaiza yenyewe imefungwa kwenye nyutro hiyohiyo. Utakuwa umeongeza kitu cha kuungua.

Kamera_Haidanganyi
Swali la kijinga, breka haiwezi kukata? Si ndo kazi yake?

Mzee_wa_Nyaya
Si la kijinga, mafundi wenyewe wanakosea hapo. Breka inakata mkondo ukizidi. Jointi iliyolegea haizidishi mkondo, ukipima unaweza kukuta umepungua. Na ile nyingine ya kukinga watu wasipigwe inakata pale umeme unaotoka na unaorudi vikitofautiana, hapa vinalingana, vinarudi vyote ila kwa kupitia penye upenyo mbaya. Wote wawili watakaa kimya.

Na penye upenyo mbaya ndo panawaka moto. Jointi ikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, ukipitisha ampea 20, joto lake ni wati 200, mahali padogo kama kichwa cha skrubu. Pasi ya kuchomelea risasi ina wati 40 hivi na inayeyusha metali, sasa hizo ni kama pasi tano zimekaa kwenye plastiki ndani ya ukuta wako usiku kucha. Shaba inapata kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto, waya unatanuka ukiwa na moto unajikunja ukipoa, skrubu inazidi kulegea. Ndo maana taa yako inawaka vizuri dakika ishirini halafu inaanza, jointi inakuwa inapata joto.

Dalili zake ni plastiki kuwa kahawia, harufu kama ya samaki aliyeoza au plastiki iliyoungua, na kasauti ka kukaanga ukiweka sikio karibu na boksi. Ukipata hata moja usirudishe umeme.

MtazamaDari
Naweza kufungua boksi nikaze mwenyewe? Nina bisibisi.

Mzee_wa_Nyaya
Usifungue. Kabla ya mein swichi hakuna kinachozima, zile nyaya zina moto hata ukiwa umezima yako. Na ukigusa nyutro iliyokatika wakati kuna mzigo upande wa pili, ni sawa na kugusa fezi, watu wamekufa wakiamini nyutro haina kitu. Ita fundi mwenye leseni mwambie maneno haya haya, nyutro imelegea, fezi tatu, taa inaongezeka mwanga. Apime volti za kila fezi kwa nyutro hita ikiwa imewaka, zisipolingana anajua pa kwenda. Kama ni kabla ya mita, waite wenye laini yao, simu ya dharura, wala usisubiri asubuhi.

tyubu_ya_zamani
Wakati tunasubiri... kwangu ni tyubu laiti ya ndefu, inapepesa inagoma kushika, mwisho wake umekuwa mweusi.

Mwalimu_wa_Nuru
Tyubu imekwisha, huo weusi ni metali na rangi ya kwenye nyuzi za mwisho imeruka ikaganda kwenye kioo. Ukibadilisha tyubu ikaendelea badilisha stata, ile kama kopo dogo ubavuni. Usiiache ikipepesa wiki nzima, kila inapojaribu kushika inaipasha choki. Na tyubu usiivunje, ina zebaki.

Kizibo77
Mkuu wa dari upo hai?

MtazamaDari
Wakuu nipo. Fundi amekuja asubuhi, nimemwambia kama nilivyoambiwa akaniangalia akaniuliza umesomea wapi 😂. Amepima, fezi ya sebuleni na korido 207, ya chumbani 251, ile ya tatu 232, hita ikiwa imewaka. Akaenda kwenye mein swichi, wakati wenye laini wamekata kule nje, akafungua. Skrubu ya nyutro aliigeuza kwa vidole tu wakuu, VIDOLE, bila bisibisi. Ganda la waya limekuwa jeusi kama urefu wa kidole, na pembeni mwa boksi plastiki imeanza kukunjamana. Alikata sehemu iliyoungua, akasafisha, akabadilisha mein swichi yenyewe maana alisema ile ya zamani hata ukiikaza haitashika tena, akakaza zote kwa kile kifaa cha kupima nguvu ya kukaza. Akapima tena, 229, 231, 230, hita inachemka.

Masaa manne mazima sasa hazijacheza. Taa ya mezani imerudi kuwa ya njano, nimeizoea ile nyeupe naiona kama inaumwa.

Mzee_wa_Nyaya
Hiyo njano ndo afya yake. Ilikuwa kwenye 251, karibu asilimia 9 juu, balbu ya nyuzi ikizidishiwa asilimia 5 tu maisha yake yanakatika karibu nusu, hiyo ilikuwa inajichoma. Mwambie fundi arudi baada ya wiki kadhaa akague tena zile skrubu, waya mpya huwa unajilaza chini ya skrubu, hasa ule wa nyuzi nyingi.

MtazamaDari
Nimemwambia, ameandika. Na zile balbu mbili bado zilikuwa kwenye pipa la taka, nimezifunga stoo zinawaka kama mpya.

pole_pole_tu
Na mimi nimetoa kale kataa kwenye swichi. Haikonyezi tena. Ila sasa usiku siioni swichi ilipo, napapasa ukuta.